Jogoo na kuku wachache wa nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wenye kuku watano, wanane, au ishirini hivi nyuma ya nyumba: Kiamunyi na Lanet kule Nakuru, Migosi na Mamboleo hapa Kisumu, na vijijini Vihiga, Kakamega na Bungoma. Mwenye banda la kuku elfu moja ana shida zake nyingine kabisa, na hapa hatazikuta.

Kuku wangu watataga kama sina jogoo?

Watataga. Kutaga kunategemea umri, lishe, maji na mwanga. Mashamba makubwa ya mayai hayafugi jogoo hata mmoja, na trei zinajaa kila siku. Mtu akikushawishi ununue jogoo ili mayai yaongezeke, anauza jogoo tu. Mayai yakipungua, anza na chombo cha maji, kisha chakula, kisha uangalie kama kuku wanabadilisha manyoya au wamejaa viroboto. Na yale maelezo ya Ulaya kwamba kuku hupumzika kutaga msimu wa baridi kwa kukosa mwanga, yaache. Sisi tuko kwenye ikweta. Mchana wetu ni wa takriban saa 12 kuanzia Januari hadi Desemba.

Basi jogoo ni wa kazi gani?

Vifaranga. Bila jogoo yai halina mbegu, na kuku anaweza kulilalia hadi liharibike. Kazi nyingine zake ni za ziada, ingawa nazipenda: huita majike anapopata chakula, hutuliza ugomvi wao, na hukesha macho juu akitazama mwewe. Akiona kitu angani hutoa mlio mmoja. Akiona mbwa au paka ardhini hutoa mwingine, wa kukatakata. Majike wanaijua tofauti. Kwa mlio wa kwanza wanakimbilia chini ya migomba, kwa wa pili wanasimama wima na kuangalia.

Ila asikudanganye mtu kwamba jogoo atapigana na nguchiro usiku. Nguchiro huzuiwa na mlango unaofungwa vizuri na wavu usio na mwanya.

Kama unataka mayai ya chai na ya watoto tu, na unakaa kwenye ploti yenye nyumba nyingi, huhitaji jogoo. Hata ukitaka vifaranga mara moja moja, kuna njia: kuku wako akianza kulalia, nunua mayai yenye mbegu kwa jirani mwenye jogoo, umwekee usiku. Hatajua si yake.

Naruhusiwa kufuga jogoo mjini?

Methali inasema jogoo wa shamba hawiki mjini. Waliopanga Migosi, au Section 58 kule Nakuru, watakwambia anawika, tena kwa bidii.

Kwanza soma mkataba wako wa nyumba na uulize mwenye nyumba, kwa sababu ugomvi mwingi huishia hapo kabla haujafika kwa serikali. Pili, kaunti ina sheria zake ndogo kuhusu mifugo mjini. Uliza ofisi ya mifugo ya wadi. Tatu, zipo kanuni za kitaifa za kelele za mwaka 2009, chini ya sheria ya mazingira, zinazokataza kelele kubwa zisizo za lazima. Kanuni hizo zinahesabu usiku kuanzia saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, na hizo ndizo saa jogoo anazozipenda zaidi.

Ukiamua kumfuga, weka banda mbali na dirisha la chumba cha kulala cha jirani, na ulifanye liwe na giza la kutosha usiku huku hewa ikipita. Wengine humlaza kwenye kisanduku cha dari fupi ili asiweze kunyoosha shingo. Kinasaidia kiasi, mradi atolewe kunapokucha. Vile vifungo vya kubana shingo vinavyouzwa mtandaoni sivipendi kabisa. Mayai machache kwa jirani kila wiki yamefanya kazi kuliko vifaa vyote hivyo.

Jogoo wangu anawika saa tisa usiku. Ana kasoro?

Hana. Jogoo ana saa mwilini. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, waliwaweka majogoo kwenye mwanga hafifu usiobadilika, wasijue usiku wala mchana, na bado walikuwa wakiwika kwa mzunguko wa karibu saa 24, wakianza kabla ya wakati wa mapambazuko. Baadaye watafiti haohao walionyesha kwamba wakiwa kundi, mkubwa wao kwa cheo huanza, na wengine hufuata kwa mpangilio wa vyeo vyao. Jogoo mdogo anayewika mapema kuliko wote mtaani pengine hana mkubwa nyumbani.

Kinachomtoa kwenye ratiba ni taa: taa ya usalama ya jirani, bodaboda inayogeuza langoni, au jogoo wa ploti ya pili. Funika upande wa banda unaopigwa na mwanga kwanza, ndipo ulalamike.

Jogoo mmoja anatosha kuku wangapi?

Kumi, kwa hesabu rahisi. Jogoo mzito wa nyama, wanane. Jogoo mwepesi wa kienyeji mwenye nguvu, hata kumi na wawili. Ukiwa na majike watatu tu anaweza kuwachosha na kuwanyonyoa migongo. Ukiwa naye mmoja kwa majike ishirini na watano, mayai mengi yatakosa mbegu.

Nichague jogoo wa namna gani?

Hili ndilo swali la maana kuliko yote hapa, na ndilo watu hulipitia haraka.

Fikiria Desemba. Wageni wanatoka Nairobi, bei ya jogoo inapanda, na yule mkubwa, mwenye kifua, aliyekua upesi kuliko wenzake, ndiye anayeuzwa au anayeingia sufuriani. Anayebaki ni yule mwembamba ambaye hakuna aliyemtaka. Januari huyo ndiye baba wa vifaranga wote wa boma. Fanya hivyo miaka minne mfululizo, halafu uje kulalamika kwamba kuku wa siku hizi ni wadogo na aina imeharibika. Aina haikujiharibu. Tuliichagua wenyewe, sikukuu baada ya sikukuu, tukila walio bora na kuzalisha walio dhaifu.

Jogoo ni nusu ya kundi. Jike mmoja mbaya anaharibu vifaranga wake peke yake. Jogoo mbaya anawaharibu wote. Kwa hiyo mtenge mapema. Wakiwa na umri wa miezi miwili au mitatu, angalia mapora wako: nani amewazidi wenzake kwa uzito ilhali wamekula chakula kimoja? Mama yake ni yupi? Kama mama ni mtagaji mzuri, anayelalia vizuri na kukuza vifaranga wake hadi mwisho, mwana huyo ana thamani kuliko jogoo wa rangi nzuri asiyejulikana ametoka wapi. Mfunge uzi mguuni na uwaambie watu wa nyumbani kwamba huyo si wa Krismasi.

Unapomkagua, anza na miguu. Iwe imenyooka, vidole visiwe vimepinda, na magamba yawe laini. Yakiwa yameinuka na kuwa na ukoko, ana utitiri wa miguu. Macho yawe angavu, pua kavu, upanga wa kichwani mwekundu. Mshike kifua: mfupa usikate mkono kama kisu, wala usizame kabisa kwenye mafuta. Inua bawa na upulize manyoya uone viroboto na chawa. Kisha mwache ashuke umtazame akitembea kati ya majike. Jogoo anayeita majike waje kula kabla yeye mwenyewe hajameza, huyo ni wa kuweka.

Awe na angalau miezi sita. Miaka miwili ya kwanza ndiyo yenye rutuba zaidi.

Rangi? Haina uhusiano na mbegu. Mweupe pepe anaonekana na mwewe kutoka mbali, hilo tu.

Naweza kutumia jogoo wa Kuroiler au Sasso?

Unaweza, lakini jua unachopata. Hao ni machotara waliotengenezwa kwa kuchanganya mistari tofauti ya wazazi. Ukiwazalisha wao kwa wao, vifaranga hutoka mchanganyiko: mmoja mkubwa, mwingine mdogo, na ile nguvu ya uchotara inapungua.

Njia ninayoipendekeza kwa boma dogo ni jogoo mmoja aliyeboreshwa juu ya majike wako wa kienyeji. Vifaranga huwa wazito kuliko mama zao, na majike wako wanaendelea kulalia na kulea bila umeme wala mashine. KALRO, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, ina kituo cha kuku Naivasha, ndani ya Kaunti ya Nakuru, na taasisi yake ya wanyama wasiocheua iko Kakamega. Hao ndio wa kuuliza kuhusu kienyeji walioboreshwa. Wazo lenyewe si geni: mpango wa taifa wa kuendeleza kuku ulioanza miaka ya 1970 uliwabadilishia wakulima jogoo wao kwa majogoo wa aina bora. Tatizo ni kwamba ukishapata hao vifaranga wazuri, Desemba inarudi. Soma jibu lililotangulia.

Abaki kwangu kwa muda gani?

Mwaka mmoja, mmoja na nusu. Kuku huanza kutaga wakiwa na miezi sita hivi, na baada ya hapo jogoo ataanza kuwapanda binti zake mwenyewe. Mara moja haileti maafa. Ukiiacha iendelee kizazi hadi kizazi, mayai yanayoanguliwa hupungua, vifaranga hutoka wadhaifu, na utaanza kuona midomo iliyopinda.

Badilishaneni majogoo na mtu wa mbali kidogo, asiyechukua kuku wake mahali pamoja na wewe. Jirani wa ukuta mmoja mara nyingi ana ndugu wa kuku wako.

Nimepata jogoo sokoni Kibuye. Nimwachilie tu?

Usimwachilie. Mtenge wiki mbili kwa uchache, wiki nne zikiwezekana, kwenye kizimba cha mbali, na umhudumie mwisho baada ya kuku wako. Ugonjwa wa Newcastle, ambao wengine huuita kideri, huweza kukaa mwilini hadi siku 15 kabla ya dalili kuonekana. Jogoo anayewika sokoni Jumapili anaweza kumaliza boma lako wiki inayofuata. Tena kuku huuzwa kwa wingi na kwa bei ya kutupa hasa ugonjwa unapopita kijijini, kwa hiyo bei nzuri mno ikutie shaka.

Mpe chanjo ya Newcastle ya tone la jicho akiwa huko kwenye karantini, na wale wa nyumbani warudie kila miezi mitatu. Chanjo ni rahisi kuliko jogoo mwenyewe. Taabu ni kwamba chupa moja ni ya kuku wengi, kwa hiyo chanjeni pamoja na majirani siku moja. Ibebeni kwenye baridi kutoka agroveti hadi nyumbani, isikae juani kwenye kiti cha matatu.

Muda ukiisha, mwache yeye na majike waonane kupitia wavu siku mbili tatu, kisha umwingize usiku wakiwa wamelala. Majike watamdonoa kidogo asubuhi. Hilo hupita.

Baada ya kumleta, mayai yanafaa kuanguliwa baada ya siku ngapi?

Mayai ya kwanza yenye mbegu huonekana siku ya pili au ya tatu. Subiri wiki nzima ndipo ukusanye. Jike huhifadhi mbegu mwilini kwa wiki mbili, hata tatu. Kwa hiyo ukibadilisha jogoo na ungependa kuwa na hakika baba ni nani, hesabu wiki tatu tangu yule wa zamani aondoke.

Mayai yenye mbegu yanaliwa?

Yanaliwa, na lishe yake ni ileile. Mbegu haianzi kukua mpaka yai lipate joto. Ukilivunja utaona kidoa cheupe juu ya kiini: likiwa na mbegu, kidoa kina duara kama pete, lisipokuwa nayo, ni alama ndogo isiyo na umbo. Tone la damu ndani ya yai halihusiani na jogoo. Ni mshipa mdogo uliopasuka yai likitengenezwa.

Jogoo ninaye, lakini mayai hayaanguliwi. Nimchinje?

Mulika kwanza. Siku ya saba ya kulaliwa, usiku, weka tochi ya simu chini ya yai. Ukiona mishipa myekundu, kazi inaendelea. Mengi yakiwa meupe kabisa, huenda ni jogoo: amezeeka, amenenepa, anachechemea, au majike ni wengi mno. Ukiona pete ya damu, au kifaranga aliyefia ndani siku za mbele, mbegu ilikuwepo na jogoo ametimiza wajibu wake. Kosa limetokea kwenye uhifadhi, joto au lishe ya majike.

Hapa Kisumu, mkosaji mara nyingi ni joto la nyumba. Yai likikaa mahali penye zaidi ya nyuzi 21 hivi, mbegu inaanza kukua polepole, halafu inakufa kabla kuku hajalilalia. Hifadhi mahali pa baridi kuliko pote, ncha nyembamba ikitazama chini, usilioshe, na usipitishe siku saba. Nakuru, iliyo juu kwa zaidi ya mita mia saba kuliko sisi, huhifadhi mayai kwa urahisi. Shida yao huja vifaranga wanapohitaji joto usiku. Joto kali hupunguza hata nguvu za jogoo mwenyewe, kwa hiyo mpe kivuli na maji ya baridi mchana. Na mayai yaliyosafiri kwa bodaboda kwenye barabara ya mashimo, yapumzishe siku moja kabla ya kuyaweka.

Vifaranga wangu wengi ni majogoo. Je, huyu baba anazaa wanaume tu?

Hapana. Kwa ndege, jinsia ya kifaranga hutokana na yai la mama. Kundi moja la vifaranga kumi linaweza kuwa na majogoo saba kwa bahati tu. Umbo la yai pia halisemi chochote.

Anawanyonyoa majike mgongoni.

Ongeza majike au mtoe kwa wiki kadhaa. Kucha zake zikate ncha, na ule mwiba wa mguuni uusugue kwa tupa hadi ncha iwe butu; usiukate kwa ndani, kuna damu. Jike mwenye kidonda atengwe mpaka apone, kwa sababu wenzake watamdonoa palepale penye wekundu.

Jogoo anawarukia watoto. Nifanye nini?

Mara nyingi ni yule aliyelelewa mkononi akichezewa, akakua bila kuwaogopa watu. Watoto wasimkimbie wala kumchokoza kwa fimbo. Mtu mzima amwendee bila kurudi nyuma, amkamate, ambebe kwapani dakika kadhaa mbele ya majike wake, na arudie kila siku. Wengine hutulia.

Asipotulia kwa wiki mbili, sufuria. Sina huruma hapa: jogoo akiruka, mwiba wake unaweza kufika kwenye jicho la mtoto wa miaka mitatu, na ukali nao hurithiwa. Aliyechomwa aoshwe jeraha kwa sabuni na maji mengi, na aende zahanati aulize kuhusu sindano ya pepopunda.

Naweza kuweka majogoo wawili?

Ndugu waliokua pamoja huvumiliana, kama nafasi ni kubwa na kila mmoja ana majike wa kutosha. Kwenye ua wa ploti watapigana. Wa pili mweke kizimbani kama akiba.

Ale nini?

Chakula cha kuku wa mayai kina kalisi ya asilimia 3.5 hadi 4, kwa ajili ya maganda. Jogoo anahitaji chini ya asilimia 1, na akila hicho muda mrefu figo zake zinaweza kuumia. Kwa kundi dogo, walishe wote chakula cha kuku wanaokua, kisha uweke maganda yaliyosagwa kwenye chombo cha pembeni. Majike watayafuata wenyewe. Omena ni protini nzuri, ila ikizidi mayai yananuka samaki.

Na umshike kifua kila mwezi. Jogoo mwema huwaachia majike chakula hadi akakonda.

Jike wangu amewika! Ni mkosi?

Wazee wengi watakwambia achinjwe siku hiyohiyo. Kisayansi, jike asiye na jogoo karibu anaweza kushika cheo cha juu na kujaribu kuwika. Pia kuku hutumia ovari ya kushoto tu. Ikiharibika, mwili unaweza kuanza kuota dalili za kiume. Huyo kwa kawaida hatagi tena. Uamuzi ni wako na wazee wako.

Baba mkwe anasema boma lisilo na jogoo si boma.

Hiyo ni mila, na mila haipingwi kwa hesabu ya mayai. Kwa Wajaluo, mwanamume anayehama kujenga boma jipya hutoka na jogoo, pamoja na mwanawe wa kwanza aliyebeba shoka. Kama hilo ndilo linalozungumzwa, muweke jogoo. Usigombane na mzee kwa sababu ya konzi mbili za nafaka kwa siku.

Jogoo mzee nyama yake ni ngumu. Inapikwaje?

Mchinje asubuhi, umpike jioni. Nyama ikipumzika hulainika. Mpake paipai bichi lililosagwa kwa nusu saa, suuza, kisha chemsha kwa moto mdogo saa mbili hadi tatu na tangawizi na chumvi. Kitunguu na nyanya viingie baadaye, supu ikishapungua. Usianze kwa kukaanga, atakaza zaidi. Na kama kuna mzee wa Kiluhya mezani, firigisi ni yake, usiikate vipande.